Msaada: nakata umbo la dau kwenye FreeCAD, napata maganda matupu badala ya vipande

BintiTudor · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Asalaam aleikum jamaa. Hii ni siku ya tano nimesimama pahali pamoja, naomba mwenye ujuzi anivushe.

Ami yangu ni fundi wa vyombo. Tangu ujana wake hajachora chombo hata kimoja. Hulaza mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, husimamisha omo mbele na tezi nyuma, na yanayobaki yote yamo jichoni na mkononi mwake. Macho sasa yamepungua. Dau analosema mwenyewe ndilo lililomtoka vizuri kupita yote limepandishwa mchangani huku kwetu kukalafatiwa, na roho yangu haikukubali umbo lile liishe bila kuhifadhiwa popote. Bamvua iliyopita, maji yalipotoka, nililizunguka nikapiga picha 240, nikaziingiza kwenye programu ya fotogrametria, ile inayounda umbo kutokana na picha nyingi, nikatoka na wavu wa pembetatu 180,412.

Nataka kulichapa kwa printa kwa kipimo cha 1 kwa 10, likiwa vipande ambavyo wanagenzi wake wataweza kuvitenganisha na kuona tumbo la chombo lilivyo kutoka taruma hadi taruma, yaani zile mbavu za ndani. Dau lina urefu wa mita 9, upana wa mita 2.6 pale lilipotuna, na kina cha mita 1.3. Kwa kipimo changu ni milimita 900 kwa 260 kwa 130. Meza ya printa ni 220 kwa 220, na kimo chake 250. Sina budi kulikata.

Kwenye FreeCAD, programu ya kuchora maumbo kwa kompyuta, nimegeuza wavu kuwa umbo kwa Create shape from mesh, nikachora bapa la kukatia, nikachagua dau na bapa, nikabonyeza Slice Apart. Mara mbili programu iliganda hadi nikaizima. Mara ya tatu ilikata, lakini nilichopata ni maganda: ukikitazama kipande kwa ubavuni unaona ndani, hakuna uso pale nilipokatia. Nimejaribu bapa la wima, la mlalo, jembamba, nene. Ni lile lile.

---

Shimanzi_Printa · Ijumaa, saa 4:05 usiku

Dada, kama lengo ni kuchapa tu, usijitese na FreeCAD. PrusaSlicer, programu ya kuandaa uchapaji, kuanzia toleo la 2.6 ina kifaa cha kukata ambacho hukuwekea na vijiti vya kuunganishia. Unaweka bapa, unakata, unachapa. Mimi hukata sanamu za wateja hivyo kila wiki.

---

Fundi_Jomvu · Ijumaa, saa 4:31 usiku

Kisu chako ni kizima, dada. Unachokikata ndicho hakijawa mango.

Wajua, ndani ya hizi programu hakuna mbao wala chuma. Mwili mango ni nyuso tu zilizoshonwa pamoja hadi zikafunga kabisa, na kila uso unajua upande gani ni nje. Kwa sababu zimefunga, programu inaweza kusema nukta hii iko ndani, ile iko nje. Unapokata, hupunguza nyuso zilizopitiwa na bapa, kisha hutengeneza uso mpya wa kuziba jeraha. Uso huo mpya ni lile eneo la bapa lililoko *ndani* ya mwili. Sasa ikiwa mwili una tundu hata dogo kama jicho la sindano, hakuna ndani, hakuna nje, na hakuna cha kuzibia. Ukivunja chungu kitupu utaokota vigae.

Dau lako ulilipiga picha kwa nje. Juu liko wazi, sivyo? Hilo peke yake latosha. Tafadhali tupe idadi ya vipeo, zile nukta za pembe, vya huo wavu wako. Pembetatu umeshatutajia.

---

BintiTudor · Ijumaa, saa 4:38 usiku

Vipeo ni 90,613. Na ndiyo, juu liko wazi, nilidhani programu yenyewe itaelewa.

---

MwalimuMichoro · Jumamosi, saa 12:20 asubuhi

Nimeamka nikaukuta uzi huu, na umenifurahisha, kwa kuwa hesabu ninayowafundisha vijana wa mwaka wa pili ndiyo itakayokusaidia hapa.

Umbo lililofunga na lisilo na tundu la kupenya hufuata kanuni ya Euler: vipeo, toa kingo, jumlisha nyuso, jibu ni 2. Kwa wavu wa pembetatu kila ukingo unagawanywa na pembetatu mbili kamili, kwa hiyo kingo ni mara moja na nusu ya pembetatu. Ukipanga upya unapata kitu rahisi sana: idadi ya vipeo ni nusu ya pembetatu, ongeza 2. Jaribu kwenye mchemraba: nyuso 6 ukizigawa kila moja kwa pembetatu mbili ni 12, nusu yake 6, ongeza 2, vipeo 8. Sawasawa.

Sasa wako. Nusu ya 180,412 ni 90,206. Ungekuwa umefunga ungekuwa na vipeo 90,208. Una 90,613. Vimezidi 405, na ziada hiyo ni alama ya midomo iliyo wazi. Ikiwa tundu ni moja tu, mdomo wake una kingo 812. Zihesabu, programu ya Blender itakuonyesha kingo zisizo na jirani. Zikiwa tofauti na 812, basi una tundu zaidi ya moja.

Tahadhari moja kabla hujahesabu: faili la STL, lile la kuhifadhia wavu wa pembetatu, halihifadhi ujirani. Kila pembetatu huandika vipeo vyake vitatu upya, hata kama jirani ameshaviandika. Unganisha kwanza vipeo vinavyokaa pahali pamoja, la sivyo utapata namba za ajabu. Wala STL haibebi kipimo. Haijui kama 900 ni milimita au inchi. Je, ulipima kitu kwa utepe wa kupimia wakati unapiga picha?

---

BintiTudor · Jumamosi, saa 3:15 asubuhi

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Vipeo nilishaviunganisha. Kingo zisizo na jirani ni 818, na tundu ni nne! Mdomo wa juu una kingo 746, na mengine matatu yana 31, 24 na 17. Yote matatu yako chini ya mkuku. Nilirudi kutazama picha: ni pale dau lilipokalia magogo, kamera haikuweza kuingia.

Kipimo nilikipata. Nilibandika karatasi mbili ubavuni, nikapima kati yake milimita 1,000 kamili.

---

MwalimuMichoro · Jumamosi, saa 3:22 asubuhi

Marahaba. Na tundu nne zenye kingo 818 zinatoa hasa vipeo 90,613. Namba zako zimekubaliana, kwa hiyo hakuna tundu jingine lililojificha. Ziba hayo matatu ya chini kwanza, kwa kuufuata mstari wa mkuku kutoka pande mbili. Usikubali programu iyazibe yenyewe kwa uso bapa, mkuku utabonyea. Mdomo wa juu weka kifuniko. Kisha punguza pembetatu. Laki moja na themanini zikigeuzwa kuwa mwili mango ni nyuso laki moja na themanini, na kila ukikata, programu inauliza kila uso kama umeguswa. Ndiyo maana iliganda.

---

Kijana_Kisauni · Jumamosi, saa 5:00 asubuhi

Mimi ningechukua nusu moja tu iliyotoka safi, nikaigeuza kwa kioo upande wa pili. Nusu ya kazi, nusu ya makosa. Kwenye Fusion 360 ninayotumia chuoni ni Split Body kwa bapa la katikati, unafuta upande mmoja, unafanya Mirror, umemaliza.

---

BintiTudor · Jumamosi, saa 5:47 asubuhi

Kaka, nililifikiria hilo, na nikamuuliza ami kabla sijafanya. Akaniuliza, "Umepima?" Nikaenda kupima. Penye taruma la saba, ubavu wa kulia umetuna milimita 14 kuliko wa kushoto. Nikadhani nimemkamata na kosa. Akanieleza kwamba mataruma huyatafuta kwenye matagaa yaliyopinda yenyewe, maana ukichonga mpindo kwenye mti ulionyooka utakata nyuzi zake na utavunjika siku ya mawimbi. Huwezi kupata matagaa mawili yanayolingana. Kwa hivyo ubavu hufuata mti, na yeye hurekebisha mbele na nyuma hadi jicho litulie.

Nikigeuza kwa kioo nitakuwa na dau ambalo halijapata kuwepo. Nitabaki na pande zote mbili.

---

Fundi_Jomvu · Jumamosi, saa 7:10 mchana

Vyema sana. Na kwa upana wa 260 utalazimika kulipasua kwa urefu pia, juu ya mkuku, kwa hiyo pande zote mbili zitakuwepo mkononi na mtu ataweza kuzilinganisha.

Tupange vipande. Nakushauri uvichape vikiwa vimesimama, uso uliokatwa ukilala juu ya meza. Nusu ya upana ni 130, kina 130, vinaenea kwenye 220 bila taabu. Urefu unaoingia ni 250. Kwa 900 watosha kugawa mara nne. Nne kwa pande mbili ni vipande vinane. Ukiwa na haraka ungekata kila 225 ukaondoka. Lakini wewe umesema wataka wanagenzi waone mataruma, basi uliza mataruma yako wapi hasa, ukate hapo.

---

BintiTudor · Jumamosi, saa 8:30 mchana

Hayako sawa. Karibu na omo yamesongamana, katikati yameachana. Nikifuata mataruma, sehemu za kukatia kuanzia tezi zinaangukia 220, 460 na 700. Yaani vipande vya 220, 240, 240 na 200. Vyote viko chini ya 250.

---

MwalimuMichoro · Jumamosi, saa 2:05 usiku

Sasa tuongee namna ya kupata mango lenyewe, maana una njia tatu na hazilingani.

Ya kwanza ni ya Shimanzi_Printa, kukata wavu wenyewe. Ni halali, na ukitaka kuchapa leo ifuate. Hasara yake ni kwamba unachobaki nacho ni pembetatu: huwezi kusogeza taruma moja, huwezi kupata mstari laini wa ubavu.

Ya pili, kupunguza wavu hadi kama pembetatu 12,000, ukahakikisha una vipeo 6,002, ukaufanya umbo, kisha Convert to solid liwe mango, kisha Check Geometry kukagua makosa. Itakatika vizuri. Ndiyo ningekushauri kwa majaribio.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, na ndiyo ndefu. Kata wavu kwa mabapa penye kila taruma, upate mistari ya mkato. Juu ya kila mstari chora mkunjo laini, kisha unganisha mikunjo yote kwa Loft, amri inayotandaza uso juu ya mikunjo, kutoka tezi hadi omo. Unapata mango lenye nyuso chache, laini kama ubao ulioshikwa randa, na hata ukilikata mara mia halilalamiki. Masharti mawili: kila mkunjo uwe na idadi ile ile ya nukta, na yote ianzie mahali pamoja, tuseme kwenye mkuku. Ukianza mmoja kwenye mkuku na mwingine ukingoni, umbo litajisokota kama kamba.

Omo usiliingize humo. Pale umbo linakuwa jembamba ghafla na kuinama mbele. Loft itatoa mawimbi. Lifanye mwili wake peke yake, kisha uunganishe.

---

BintiTudor · Jumanne, saa 5:20 usiku

Nimefanya ya tatu. Usiku tatu, mikunjo 19. Check Geometry haikutoa kosa hata moja, na ujazo wote hadi ukingo wa juu ni milimita za ujazo 14,870,000, kama lita 14.9.

Lakini! Nikikata 460 inakubali, nikikata 220 na 700 inakataa. Slice inatoa mwili mzima kama nilivyoupa. Bapa ni kubwa kuliko dau pande zote, nimehakikisha.

---

Fundi_Jomvu · Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Mkunjo wako wa 460 uko kamili kwenye 460?

---

BintiTudor · Jumatano, saa 1:19 asubuhi

La, uko 461.5, taruma lenyewe nililipima upya. Ile mingine iko 220 kamili na 700 kamili.

---

Fundi_Jomvu · Jumatano, saa 1:40 asubuhi

Basi hapo. Uliposhona Loft, penye kila mkunjo huenda pamebaki mshono kati ya uso na uso. Bapa lako la 220 limelala juu ya mshono wa 220, halijapita ndani ya uso wowote, limeugusa ukingo tu. FreeCAD inaendeshwa na injini ya OpenCASCADE, iliyoanzia Ufaransa kwenye kampuni ya Matra Datavision na kuachiwa huru mwaka 1999. Injini hiyo huhesabu nukta mbili kuwa moja zikiwa karibu kuliko milimita 0.0000001. Mshono na bapa vikikaribiana kwa kiasi hicho, au zaidi kidogo, mara inaona vimegusana, mara havijagusana, na mkato unavunjika. Ni vivyo hivyo bapa likipapasa tu tumbo la mpindo bila kuingia. Fusion na SolidWorks zina injini nyingine, ila mtego huu nao wanao.

Sogeza bapa nusu milimita. 220.5 na 700.5. Kwenye dau halisi hiyo ni milimita tano, na taruma lenyewe ni nene kuliko hapo, bado umo ndani yake.

Na kabla hujakata, nisikilize hili, limeniuma miaka. Vishimo vya pini vitoboe *kwanza*, mwili ukiwa mzima. Chora silinda ya kipenyo cha milimita 4.2, urefu 20, ipite katikati ya mahali bapa litakapokaa, kumi huku na kumi kule. Itoe kwenye mwili. Kisha kata. Vishimo vitaangukia pande zote mbili vikitazamana bila wewe kupima chochote. Nilianza kazi hii nikikata kwanza na kutoboa baadaye, kila kipande kwa mchoro wake, na kalibu nzima ya mteja ikatoka imepishana milimita moja. Pini ziwe za 4, hiyo 0.2 ni nafasi ya kuingilia.

---

BintiTudor · Jumatano, saa 4:02 usiku

IMEKATIKA! Yote matatu, na la katikati juu ya mkuku. Vipande vinane, kila kimoja kina uso wake uliofunga, vishimo vinatazamana. Nimejumlisha ujazo wa vyote vinane nikalinganisha na mwili mzima uliotobolewa, umekubaliana hadi tarakimu ya mwisho. Allah awajaze kheri.

---

NahodhaMtongwe · Alhamisi, saa 11:50 jioni

Nimekuwa nikiusoma uzi huu kimya. Mimi si mtu wa kompyuta, ni mtu wa bahari. Nina swali kwa binti. Twataka kunyanyua chombo kama hicho kwa mikanda miwili na winchi, tukiweke juu ya lori. Kila mtu yuwakisia uzito wake na pahali pa kuweka mikanda. Hiyo mashine yako ikilikata dau katikati kwa ujazo, nusu huku na nusu huku, si tutapata pahali pa mizani?

---

MwalimuMichoro · Alhamisi, saa 1:30 usiku

Nahodha, swali lako ni zito, na jibu la haraka litaleta hatari, kwa hiyo nitalichukua polepole.

Bapa linalogawa ujazo nusu kwa nusu na bapa linalopita kwenye kitovu cha uzito ni mabapa mawili. Chukua koni, kama pia ya kuchezea watoto, imekaa kwa kitako chake. Kitovu chake kiko robo ya kimo kutoka chini. Ukiikata hapo, juu inabaki asilimia 42.2 ya ujazo, chini 57.8. Ukitaka nusu kwa nusu lazima ushuke hadi asilimia 20.6 ya kimo. Sababu ni kwamba kipande kidogo kilicho mbali hupima sawa na kikubwa kilicho karibu, kama watoto wawili kwenye bembea ya ubao. Dau nalo ni jembamba upande wa omo na nene nyuma ya katikati. Mkanda ukifuata nusu ya ujazo, chombo kitainama.

Kisha liko la pili. Mwili wa binti huyu umejaa kutoka mkuku hadi ukingo. Dau halisi ni mbao na hewa. Kitovu cha huo mwili si kitovu cha dau.

Ila njia ipo. Dau linapoelea limetulia, uzito wake ni sawa na uzito wa maji liliyoyasukuma, na kitovu cha hayo maji kiko kwenye mstari mmoja wa wima na kitovu cha uzito wa chombo. Kwa hiyo kata mwili kwa bapa la maji. Kipande cha chini kinakupa vyote viwili: ujazo wake unakuambia uzito, kitovu chake kinakuambia mikanda izunguke wapi. Kwenye konsoli ya Python ni Shape.Volume na Shape.CenterOfMass. Binti, ubavuni kuna alama ya maji?

---

BintiTudor · Alhamisi, saa 2:10 usiku

Ipo, mstari wa mwani na chumvi, unaonekana kwenye picha. Hauko mlalo kamili, tezi iko chini kidogo kuliko omo.

---

NahodhaMtongwe · Alhamisi, saa 2:25 usiku

Huo ndio mstari wa kulala nangani bila shehena. Chombo kikifanya kazi hupanda na kushuka, mwani haushiki. Unaoshika ni pale kinapokaa siku nyingi.

---

MwalimuMichoro · Alhamisi, saa 2:41 usiku

Ahsante nahodha, hilo nisingelijua. Basi binti, bapa hufafanuliwa na nukta tatu zisizo kwenye mstari mmoja. Chukua moja kwenye tezi katikati, na mbili kushoto na kulia karibu na omo. Usilinyooshe, mwinamo huo ndio wenye habari.

---

BintiTudor · Ijumaa, saa 3:05 usiku

Kipande cha chini ya maji: milimita za ujazo 3,120,000, yaani lita 3.12. Kwa chombo halisi nazidisha mara 1,000 kwa sababu kipimo ni 1 kwa 10 kila upande, napata mita za ujazo 3.12. Maji ya bahari nimeyakadiria kilo 1,025 kwa mita ya ujazo. Jibu ni karibu kilo 3,200.

Kitovu kiko milimita 412 kutoka tezi, kwa hiyo mita 4.12 kwenye dau. Katikati ya urefu ni 4.5. Nilijaribu pia kutafuta bapa la nusu ya ujazo kwa kukisia, nikikata na kusogeza, kila mara nikipunguza nafasi kwa nusu. Mara kumi zilitosha kufika ndani ya milimita moja. Liliangukia mbali na kitovu, kama Mwalimu alivyosema.

---

NahodhaMtongwe · Ijumaa, saa 3:40 usiku

Kilo 3,200. Mmoja wetu alikuwa amesema tani moja na nusu, na winchi tuliyotaka kukodi ni ya tani mbili. Binti, Mungu akulinde.

---

Fundi_Jomvu · Ijumaa, saa 3:52 usiku

Nahodha, ongezeni juu yake. Mbao iliyolowa, maji yaliyobaki ngamani, nanga, kamba. Na siku yenyewe nyanyueni sentimita tano kwanza, msimame, mtazame linainamia wapi, ndipo muendelee.

---

Shimanzi_Printa · Jumamosi, saa 2:30 asubuhi

Dada, kwa uchapaji sasa. Kipande cha 240 kwa printa kama yako ni zaidi ya siku nzima, na stima ikikatika katikati umepoteza. Anza na kile cha 200. Uzi wa PLA, ile plastiki ya kuchapia, uweke kwenye chombo kilichofunga pamoja na vipakiti vya kukaushia, hewa ya Mombasa inaulowesha ndani ya siku chache, kisha unatoka na mapovu. Na vikishakamilika usiviache ndani ya gari lililokaa juani. PLA huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Nilipoteza sanamu nzima kati ya Nyali na feri.

---

BintiTudor · Jumapili ya wiki ya pili, saa 4:18 usiku

Nimerudi na habari.

Vinane vyote vimetoka. Nilivipanga juu ya mkeka barazani kwa ami baada ya swala ya alasiri. Hakuvitazama sana, alivishika. Alianza na tezi, akapitisha kidole gumba kwenye uso uliokatwa, kutoka mkuku kwenda juu, pole pole, kisha akachukua cha pili, kisha cha tatu. Wanagenzi wake wawili walikuwa wamechuchumaa pembeni. Mmoja akaunganisha vipande vya kushoto na kulia vya sehemu ya pili, akaona zile milimita 14, ambazo sasa ni 1.4 tu, na akamuuliza kwa nini. Ami akamweleza hadithi ya lile tagaa, alilitoa wapi na nani alimsaidia kulibeba. Sijawahi kumsikia akiisimulia.

Kisha akarudi kwenye kipande cha tatu, mkono wa kulia. Akakishika tena. Akasema, "Hapa umenenepesha." Chini, karibu na mkuku. Nikamwambia ami, hiyo ndiyo picha ilivyotoka. Akasema, "Picha haikulijenga."

Nimefungua picha za upande ule usiku huu. Ubao wa pili na wa tatu kutoka mkuku ulikuwa bado umelowa, unang'aa, na programu ya fotogrametria hupotea kwenye kitu kinachong'aa. Haina alama za kushikia, hukisia. Kwenye wavu wa mwanzo pana kichuguu cha karibu milimita 20 kwa kipimo halisi. Nilipochora mkunjo wa taruma la tisa nilikilainisha nikidhani ni umbo.

Kwa hivyo mkunjo mmoja si sahihi, na ujazo niliompa nahodha umezidi kidogo. Nahodha, ni sehemu iliyo chini ya maji, nitakupa hesabu mpya kabla hamjanyanyua. Kwa sasa ichukulieni 3,200 kuwa ndiyo ya juu, kabla ya kuongeza yale aliyoyataja Fundi_Jomvu.

Bamvua ni Alhamisi. Maji yakitoka nitasubiri hadi ubao ukauke, nitapaka unga wa chaki pale pote panapong'aa, na nitapeleka waya laini wa kukunja ili nichukue umbo la taruma la tisa kwa mkono, ami akiwa hapo hapo. Kipande cha tatu cha kulia nitakikata upya.